Hesabu ya Siagi ya Karanga

Kila anayeniambia kwamba bahati nasibu za mtandaoni ni upuuzi, huniambia akiwa ameketi kwenye kiti nilichoshinda, anakunywa kahawa kutoka kwenye mashine niliyoshinda. Mwache aseme. Mimi ni Mirja Kettunen wa Thunder Bay, nimejaza fomu za zawadi miaka kumi na tisa, na sijawahi kumwomba mtu radhi kwa hilo. Kila asubuhi nikimaliza kuosha vyombo nafungua kompyuta pale pale mezani jikoni: jina, anwani, tarehe ya kuzaliwa, nimekubali masharti, tuma. Arobaini kwa siku, sitini nikiwa na mafua. Nimeshinda mahema mawili, kibaniko cha mkate, na chakula cha mbwa cha mwaka mzima, na mbwa hatuna.

Kitu kimoja kinachonitofautisha na wengine ni kwamba mimi nasoma masharti. Yote, mpaka yale ya herufi ndogo za kumuumiza mtu macho. Wakisema mtu mmoja ajaze mara moja kwa siku, basi ni mtu mmoja, mara moja kwa siku. Ndiyo maana mume wangu Arvo nilimfungulia anwani yake ya barua pepe, na kila jioni baada ya kahawa namwekea fomu tayari kwenye skrini, anavaa miwani, anasoma jina lake, halafu anabonyeza mwenyewe. Kidole chake, jina lake, bahati yake. Na barua zinazoingia kwake anazisoma mwenyewe, kwa sababu mimi si mke wa kupekua.

Sasa hapo kwenye kutopekua ndipo nilipopatikana.

Mwaka huo kulikuwa na shindano moja tu lililokuwa moyoni mwangu. Kampuni moja ya siagi ya karanga ilikuwa inatoa tiketi za ndege za watu wawili, kwenda na kurudi, kokote ndani ya Kanada. Na mimi nilijua pa kwenda. Binti yetu Kaisa yuko St. John's, kule Newfoundland, mwisho kabisa wa nchi, na Oktoba alijifungua mtoto wa kike kabla ya wakati, wiki saba nzima. Wakamwita Helmi. Mtoto alikaa hospitali miezi miwili ndani ya kile kisanduku cha vioo, akatoka akiwa na kilio kisichokwisha, na mume wa Kaisa anafanya kazi kwenye mtambo wa mafuta baharini, wiki tatu huko, wiki tatu nyumbani. Sisi akiba yetu yote ilikuwa imekwenda kwenye paa. Ilifika Machi, mjukuu ana miezi mitano, na sijamshika hata kidole. Siku moja Kaisa aliniambia kwenye simu, "Mama, jana nilimsahau mtoto kwenye kiti chake, nikalala sakafuni jikoni na viatu miguuni." Aliisema huku anacheka. Mimi sikucheka. Nilikata simu nikalia mbele ya sinki.

Basi ile fomu ya siagi ya karanga nilikuwa naijaza kila siku ya Mungu, na kila jioni Arvo anabonyeza ya kwake.

Jumatatu moja narudi kutoka dukani, taa ya simu ya nyumbani inawakawaka. Nikabonyeza kusikiliza huku napanga maziwa kwenye friji. Sauti ya mwanamke, ya heshima, inasema inamtafuta Bwana Arvo Kettunen. Jina lake limetoka kwenye droo ya siagi ya karanga. Wamemwandikia barua pepe mara mbili na hajajibu. Watampigia tena Alhamisi saa nne asubuhi kumwuliza lile swali, na kama hatapatikana au hatakuwa tayari, watachezesha droo upya.

Nilisikiliza mara tatu. Maziwa nikayaacha mezani. Nikatoka na soksi na ndara kwenye theluji.

Arvo alikuwa nyuma, karibu na sauna, kibanda chetu cha kuogea mvuke, anapasua kuni. Mume wangu ameendesha greda la theluji la mji miaka thelathini na tatu, na ni mtu wa maneno machache; ukipata sentensi tatu kabla ya chakula cha mchana, jua siku hiyo ana furaha.

"Arvo, umepata barua ya watu wa siagi ya karanga?"

Akaweka gogo jingine juu ya kigogo cha kupasulia.

"Arvo, nasema na wewe!"

"Nimepata."

"Lini?"

"Alhamisi."

"Alhamisi! Leo Jumatatu! Na ya pili?"

"Jumamosi."

"Na hukusema kitu? Umekaa na mimi mezani siku nne, unakula viazi vyangu, unaniangalia tu usoni, na hukusema? Wewe mwanamume una nini lakini?"

"Watamchagua mtu mwingine," akasema. "Naye atafurahi."

Haki ya Mungu, lile shoka lingekuwa mkononi mwangu sijui ingekuwaje. Nilipiga kelele mpaka jirani akafungua pazia. Nikamwambia ni mbinafsi, ni mvivu, hampendi mwanawe, hampendi mjukuu wake, na kama ana mwanamke mwingine aseme sasa hivi nijue moja. Hilo la mwanamke sijui lilitoka wapi, nilikuwa natafuta tu cha kutupa. Arvo alisubiri nimalize. Alilaza shoka chini taratibu, akaketi juu ya kigogo.

"Ni lile swali," akasema.

Kwanza sikumwelewa. Kwetu Kanada sheria haipendi bahati tupu: jina lako likitoka bado hujashinda, mpaka ujibu swali la hesabu, mwenyewe, bila kikokotoo na bila msaada. Ukikosea, zawadi inakwenda kwa mwingine. Tumeshazoea, hata hatuulizi tena kwa nini. Mara nyingi swali lipo kwenye fomu yenyewe, limewekewa mabano yake vizuri, nalijibu huku nakoroga supu. Kwenye zawadi kubwa ndipo wanapokupigia simu, mtu anakusomea, na saa inahesabu.

"Swali gani? Hesabu ya kitoto ile! Wewe umejenga hii sauna kwa mikono yako, ulipima kila ubao!"

"Nikiwa na futi mkononi naweza. Nikiulizwa, siwezi."

"Nani kasema?"

Ndipo akanihadithia, miaka thelathini na sita ya ndoa, kwa mara ya kwanza. Alikuwa na miaka tisa, nyumbani kwao wanasema Kifini tu, shuleni Kiingereza. Mwalimu wao alikuwa mama mmoja mrefu. Akamsimamisha ubaoni na chaki mkononi, akamsomea hesabu ya kugawanya kwa sauti, na darasa zima liko nyuma yake linangoja. Namba zikamtoka kichwani zote. Akasimama pale mpaka kengele ikalia. Kesho yake yule mama akamsimamisha tena, na kesho kutwa tena. Wiki nzima. Siku ya Ijumaa alijikojolea mbele ya wenzake.

"Tangu siku hiyo," akasema, "mtu akiniuliza namba kwa mdomo, najaa ukungu. Kazini nilikuwa nawaambia waniandikie."

Nilisimama kwenye theluji na ndara zangu. Halafu akaongeza, macho chini, "Na ule mtumbwi."

"Mtumbwi gani?"

"Ule mwekundu. Miaka sita iliyopita. Nilishinda. Nikaifuta barua."

Jamani! Ule mtumbwi nilikuwa nimeuota! Nilikuwa nimeshauchagulia mahali kwenye banda! Nikafungua mdomo nimpe lake, nikamwangalia alivyokaa pale na zile glavu zake kuukuu, nikaufunga. Nilimwonea huruma, na nilimwonea hasira, na sijui ni kipi kilikuwa kikubwa zaidi. Nikamwambia, "Ingia ndani. Miguu yangu imekufa ganzi."

Jioni ile alimwandikia yule mwanamke kwamba yuko tayari. Aliandika mwenyewe, kwa kidole kimoja. Alifanya hivyo kwa ajili ya Kaisa, nilijua, na nilijua pia kwamba Alhamisi akisimama kimya kwenye simu, itakuwa ni ile Ijumaa ya pili maishani mwake, na mimi ndiye niliyemsukuma. Lakini nilimtaka yule mtoto mikononi mwangu. Sitadanganya. Nilimtaka sana hivi kwamba nilikuwa tayari kumsukuma.

Jumanne nikaanza kumfundisha. Mimi kwa ualimu ni janga. Nilimkalisha mezani akiangalia ukutani, palipo na kalenda, ili asipotezewe mawazo. Nikaziba pua, nikatoa sauti ya karani wa simu: "Bwana Kettunen, thelathini na sita gawanya kwa nne, jumlisha kumi, toa tatu. Una dakika moja."

Akakaa. Jasho likaanza kumtoka juu ya mdomo.

"Thelathini na sita gawanya kwa nne, Arvo!"

Macho kwenye kalenda tu.

"Mayai thelathini na sita! Watu wanne! Kila mtu anapata mangapi?"

"Nani anakula mayai tisa?" akasema.

"Sasa si umepata! Tisa! Endelea!"

Akawa ameshapotea. Tulifanya hivyo asubuhi yote. Kila nilipopandisha sauti yeye alishusha mabega, na kila aliposhusha mabega mimi nilipandisha sauti, mpaka nikapiga meza kwa kiganja, vijiko vikaruka. Arvo akanitazama.

"Mirja," akasema polepole, "ukipiga kelele namwona yule mama."

Lo! Nilitamani ardhi inimeze. Nilivaa koti nikaenda kuzunguka mtaa mara mbili kwenye baridi ya kuvunja meno, najisemesha mwenyewe kama mwendawazimu. Nilikuwa nimemuumiza, na bado Alhamisi ilikuwa inakuja.

Jumatano akaja Colleen. Colleen ndiye mkubwa wa kikundi chetu cha wajaza fomu, tunakutana kila Jumanne kwenye mkahawa wa donati, na mimi Jumanne hiyo sikutokea, kwa hiyo alikuja kuangalia kama nimekufa. Ameshinda magari mawili katika maisha yake, akayauza yote mawili, na ana kicheko cha kuamsha mtaa. Aliingia na boksi la yale maandazi yetu ya krimu ya rangi ya waridi, akatutazama mimi na Arvo, akauliza, "Nani amefiwa hapa?"

Nikamweleza. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Alivuta kiti akaketi karibu na Arvo, akamsogezea andazi.

"Shemeji, ubaoni ulikuwa umegeukia wapi?"

"Ukutani. Ndipo ubao ulipo."

"Na huyu mkeo kakukalisha wapi?"

Arvo akaangalia kalenda. Mimi nikaangalia sakafu.

"Hamisha kiti chako," Colleen akamwambia. "Kaa dirishani. Angalia nje. Na kumbuka, kwenye simu hakuna mabano, wanasoma tu mfululizo. Wewe tafuta kwanza kuzidisha na kugawanya, uvifanye, uviweke kando. Ukimaliza hivyo ndipo ujumlishe na kutoa."

"Usimchanganye mume wangu!" nikamdakia kutoka kwenye jiko. "Aende moja kwa moja, namba ya kwanza mpaka ya mwisho, kama anavyosikia. Rahisi."

"Siyo rahisi, ni makosa."

"Miaka kumi na tisa, Colleen, sijakosa swali hata moja!"

"Kwa sababu unategemea mabano, shoga yangu. Yakiondolewa tutakuona."

"Nenda zako huko," nikamwambia, nikamjazia kahawa. Tulikuwa tunataniana, au mimi nilidhani tunataniana. Arvo alitafuna andazi lake, akalambalamba krimu kidoleni, hakuchukua upande wowote. Alasiri alibeba kiti akakiweka dirishani, na nilipopita na kikapu cha nguo nilimwona anatazama bustani iliyofunikwa theluji, midomo inatembea. Nilimwacha. Ilinigharimu sana kumwacha, maana ulimi ulikuwa unaniwasha.

Alhamisi saa nne kasoro dakika kumi, kila kitu tayari. Simu mezani, sauti imefunguliwa ili sote tusikie. Arvo kwenye kiti chake cha dirishani, amenyoa ndevu, amevaa shati la kanisani. Mimi nimeambiwa nikae upande wa pili wa meza na nisifungue mdomo. Nilikuwa na penseli na bahasha kuukuu mbele yangu. Nilijiambia ni vya kushikilia tu.

Simu ikalia. Arvo akapokea mlio wa kwanza.

"Bwana Kettunen? Naitwa Renuka, napiga kutoka ofisi ya shindano. Habari za asubuhi?"

"Nzuri."

"Hongera kwa jina lako kutoka. Kama unavyojua, kuna swali la hesabu. Ni lazima ulijibu mwenyewe. Uko peke yako hapo?"

"Mke wangu yupo," Arvo akasema. "Hasaidii."

Uso ulinichoma. Nikatikisa kichwa kwa nguvu kama vile yule Renuka ananiona.

"Sawa kabisa. Nitalisoma mara mbili, halafu una dakika moja. Uko tayari?"

"Soma."

"Arobaini na nane gawanya kwa sita, jumlisha kumi na mbili mara tatu, toa tisa."

Akalisoma tena, vile vile, bila kupumzika popote.

Mimi nilikuwa nimeshapata kabla hajamaliza. Arobaini na nane kwa sita, nane. Na kumi na mbili, ishirini. Mara tatu, sitini. Toa tisa. Hamsini na moja! Kitu cha sekunde nne! Nikamwangalia Arvo. Anaangalia nje. Midomo imefungwa. Sekunde kumi. Jasho lile lile likaanza juu ya mdomo wake. Sekunde ishirini. Nikamwona Kaisa amelala sakafuni na viatu miguuni. Na yeye bado anaangalia theluji.

Basi, nitaisema kama ilivyo. Mimi, Mirja, msoma masharti, niliyewahi kumfukuza mtu kwenye kikundi kwa sababu alijaza fomu kwa jina la paka wake, niliandika 51 kubwa kwenye ile bahasha na kuisukuma mezani mpaka mbele ya macho yake.

Arvo akaiona. Akaisoma, nilimwona anaisoma. Kisha akaniangalia mimi. Halikuwa jicho la hasira, afadhali lingekuwa. Akaishika ile bahasha kwa vidole viwili, akaigeuza kifudifudi, akarudisha macho dirishani.

"Zimebaki sekunde kumi na tano, Bwana Kettunen."

"Thelathini na tano," akasema Arvo.

Nikajua tumekwisha. Nilifumba macho. Thelathini na tano! Kaipata wapi? Nilikuwa namwonea huruma sasa, huruma tupu, nikaanza kupanga la kumwambia simu ikishawekwa: kwamba haidhuru, kwamba tutakwenda mwaka ujao, kwamba siagi yao yenyewe inakwama kooni. Kwenye simu kulikuwa na mlio wa mtu anayebonyeza kompyuta. Bonyeza, bonyeza. Yule mtu ana roho gani ya kubonyeza hivyo?

"Thelathini na tano," akasema Renuka. "Ni sahihi. Hongera sana, bwana."

Sikuelewa. Nilimwangalia Arvo, naye hakuwa ananiangalia, alikuwa amefungua mdomo kidogo kama mtu aliyetaka kupiga chafya ikakataa.

"Sema tena," akamwambia.

"Ni sahihi. Umeshinda."

Pumzi niliyokuwa nimeizuia tangu Jumatatu ikatoka yote kwa mpigo. Nilijiziba mdomo na kitambaa cha vyombo nisimharibie, machozi yanatiririka, mabega yanacheza. Mungu wangu! Nilitaka kumrukia, nilitaka kumbusu Renuka, nilitaka kufungua dirisha nimwambie yule jirani wa mapazia.

"Sasa naomba jina la atakayesafiri nawe," Renuka akaendelea.

Arvo akageuka. Akanitazama, akaitazama ile bahasha iliyolala kifudifudi, akanitazama tena. Akakuna kidevu.

"Naweza kufikiria kidogo?" akauliza.

"Arvo!" nikasema ndani ya kitambaa.

"Bila shaka, bwana, hata hadi kesho."

"Hapana, hapana. Andika. Mirja Kettunen." Akataja herufi moja moja, polepole, na sauti haikutetemeka hata mara moja. "Ni mke wangu. Yule asiyesaidia."

Simu ikawekwa. Nilikuwa najua nini kinakuja na nilistahili. Arvo akaifunua bahasha, akainyoosha kwa kiganja.

"Hamsini na moja," akasema. "Umeipata wapi?"

Nikamwonyesha: nane, ishirini, sitini, hamsini na moja. Akachukua penseli mkononi mwangu. "Nane iko hapa, inangoja," akasema, akaandika. "Kumi na mbili mara tatu, thelathini na sita, nayo hapa. Nane na thelathini na sita, arobaini na nne. Toa tisa."

Thelathini na tano. Niliiangalia ile bahasha. Kama angenisikiliza! Kama angekuwa mume mtiifu, kama angesema tu nilichomwandikia, kama watu wengi wangefanya kwa woga, tungekuwa tumempa mtu mwingine tiketi zetu, na ningeamini mpaka kufa kwangu kwamba ni yeye aliyetupoteza. Ningemlaumu kila Krismasi. Nikamwambia hayo yote, kwa mara moja, nalia na kucheka, pua inatiririka. Nikamwambia nisamehe. Nikamwambia nimevunja sharti kwa sababu mawazoni nilimwona Helmi tu.

"Mimi pia nilimwona," akasema. "Nilimwangalia yeye kule nje, mawazoni, muda wote. Kichwa hakikujaa ukungu."

Akakaa. Mikono ilianza kumtetemeka sasa, baada ya yote kwisha, akaikandamiza kwenye magoti. Nikadhani ni moyo, nikaruka kumletea maji. Aliyanywa yote. Kisha akavuta pumzi ndefu ambayo sijawahi kuisikia kutoka kwake, na macho yakamlowa, mwanamume wa miaka sitini na sita na shati lake la kanisani.

"Tumpigie Kaisa?" nikamwuliza.

"Ngoja." Akasogeza kiti chake karibu na changu. "Niulize jingine."

"Jingine nini?"

"Hesabu. Niulize, kwa mdomo."

"Arvo, umeshashinda."

"Niulize tu, Mirja."

Nikapangusa pua. Nikamwambia, kwa sauti yangu ya kawaida, bila kuziba pua wala kupiga meza, "Sitini na tatu gawanya kwa tisa, jumlisha nane mara tano."

"Arobaini na saba," akasema, mimi bado nahangaika na vidole. "Jingine."

Nikamwuliza jingine, na jingine, na kila moja tukilihakiki kwa penseli nyuma ya ile bahasha, mpaka kahawa ikapoa na nafasi ya kuandikia ikaisha. Yalifika maswali ishirini na mbili. Alikosea mawili, na mara zote mbili alicheka.